Sauti Pembeni ya Picha

Aliyekulia Manzese, Tandale, Kawangware au Mathare miaka ya 1990 na 2000 anaweza asijue jina la mwongozaji hata mmoja wa picha alizoziona utotoni. Sauti anaikumbuka. Ilianza kabla picha haijakolea: ikataja jina la mkanda, ikamtambulisha stelingi, ikawasalimu waliokaa kwenye mabenchi ya mbele na waliobanana mlangoni, ndipo bunduki zikaruhusiwa kulia. Arnold Schwarzenegger, Jet Li na Amitabh Bachchan wote walizungumza kwa sauti hiyo moja. Adui naye alizungumza kwa sauti hiyohiyo, na mama mzazi wa stelingi pia.

Tanzania wenye sauti hizo huitwa watafsiri wa filamu, au madijei. Uganda ni maviijei. Kenya jina la mtu mmoja, DJ Afro, limekaribia kuwa jina la kazi yenyewe. Historia yao husimuliwa kwa kifupi mno: video ziliingia, watu hawakujua Kiingereza, akatokea mjanja akashika maiki. Masimulizi hayo yanawapunja. Kazi ya kukaa pembeni ya picha ya kigeni na kuieleza kwa Kiswahili ina miaka karibu 90. Imepita kwenye malori ya serikali ya kikoloni, kwenye majumba ya sinema ya Unguja na Dar es Salaam, kwenye vibanda vya mabati na sasa kwenye simu, na kila ilipopita mwelezaji alijichukulia nafasi kubwa kuliko aliyopewa.

Mwanzo wake unaojulikana vizuri uko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Mwaka 1935 Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, walifungua huko studio ndogo kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Latham alikuwa amewahi kusimamia elimu ya Waafrika huko Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo. Lengo lao lilikuwa kujaribu kama sinema inaweza kutumika kuwafundisha wanavijiji. Hadi fedha zilipokwisha mwaka 1937, walikuwa wamepiga picha zipatazo 35: kuweka akiba posta, kulipa kodi, kilimo, minyoo ya safura, mifugo na chanjo.

Picha hizo zilikuwa za milimita 16 na hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, sahani ikapigwa sambamba na projekta. Lori lililobeba mitambo hiyo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, na lilipoingia penye lugha nyingine lilihitaji sahani nyingine: Kiswahili hapa, Kisukuma kule, kisha Kikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kinyanja. Ilitosha sindano iruke mara moja, mkulima wa kwenye kitambaa akabaki anapalilia wakati sauti imeshafika kwenye mavuno. Kati ya picha zote hizo, ni tatu tu zinazojulikana kuwa bado zipo, nazo zimehifadhiwa Uingereza.

Dawa ya sahani ilikuwa mtu.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu kwa ajili ya makoloni, kikiongozwa na William Sellers, ambaye alikuwa amefanya kazi ya afya ya jamii Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha inayokwenda haraka. Kwa hiyo picha zake zilikwenda polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, bila ujanja wowote wa kamera. Imani hiyo ilikuwa dharau tupu, na umati uliokuwa ukijazana mjini kumwangalia Charlie Chaplin ulitosha kuikanusha. Hata hivyo imani hiyo ndiyo iliyozaa ajira. Picha nyingi za kitengo hicho zilitumwa kimya, zikiambatana na maelezo yaliyoandikwa. Maelezo hayo yalipaswa kusomwa kwenye kipaza sauti na Mwafrika anayejua lugha ya mahali, amekaa kando ya gari la sinema, wakati picha ikiendelea.

Mazingira ya kazi hiyo yalikuwa magumu. Gari linafika mchana, watoto wanalikimbilia, kitambaa cheupe kinatundikwa kwenye uwanja wa shule au sokoni. Giza likishaingia watu wanakaa pande zote mbili za kitambaa, kwa kuwa hata upande wa nyuma picha inaonekana, imegeuzwa tu. Projekta inanguruma. Jenereta inanguruma zaidi. Mwelezaji ana karatasi iliyoandikwa London na mtu asiyewahi kufika pale, na mbele yake kuna wazee, mama wenye watoto wachanga na vijana wanaotaka kuchekeshwa. Akisoma karatasi tu, watu wataanza kuzungumza yao. Akiwaambia kwamba yule mzembe kwenye picha anafanana na watu fulani wanaojulikana hapa kijijini, uwanja mzima ni wake. Anayetaka kujua walikotoka watafsiri wa leo aanzie kwa makarani hao wa idara za habari, ambao wengi wao hawakuandikwa popote.

Tanganyika ilipata pia picha zenye Kiswahili cha wenyewe. Kuanzia mwaka 1951 kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ilipewa kazi ya kutengeneza picha na wenyeji, na mmoja wa waliotokea mbele ya kamera alikuwa mfanyakazi kijana wa ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Aliigiza katika Muhogo Mchungu na nyingine kadhaa. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Marekani ilisubiri hadi mwaka 1981 kumpeleka mwigizaji Ikulu yake, na inashangaza jinsi jambo hili linavyotajwa mara chache na mashabiki wa Bongo Movie, ambao wangekuwa na kila sababu ya kujivunia.

Mijini mambo yalikuwa na sura nyingine. Unguja ilishaonja sinema kabla ya magari ya serikali. Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa akionesha picha mjini humo tangu miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1921 alifungua Royal, jumba la fahari la Vuga lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yuleyule aliyechora majengo mengi ya serikali kisiwani. Baada ya picha kuanza kuzungumza zikaja za Misri na za Kihindi, na hizi za Kihindi ndizo zilizoingia damuni. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliimbwa mitaani na watu wasiojua neno jingine la Kihindi zaidi ya yale ya kwenye wimbo wake.

Katika majumba hayo hapakuwa na mtu wa maiki. Palikuwa na jirani. Aliyeiona picha mara ya nne alikaa katikati ya wenzake akiwanong'oneza kinachokuja, na aliyekulia kwenye mtaa wenye Wahindi alifasiri ugomvi wa mkwe na mkaza mwana. Yalikuwepo pia maonesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, ambayo yaliwawezesha akina mama waliokaa ndani kwenda sinema bila maneno ya watu. Waliotoka huko walikwenda kusimulia. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji mashabiki wengi wa enzi hizo na kutoa kitabu chake mwaka 2018, anaonesha jinsi picha moja ilivyoendelea kuishi kwa siku nyingi barazani, ikijadiliwa, ikipimwa na maisha ya wasimulizi wenyewe: nani kakosea, baba alikuwa na haki gani, binti angefanyaje. Kusimulia picha upya kulikuwa nusu ya raha ya kuiona.

Raha hiyo ilifika kileleni baada ya uhuru. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilifunguliwa sinema ya magari Msasani, na familia zilikwenda na vyakula na mikeka. Mwaka 1968 serikali iliunda Tanzania Film Company, ambayo baadaye ilishika uingizaji na usambazaji wa picha. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yakataifishwa, yakiwemo ya sinema. Uchumi ulipobana, fedha za kigeni za kununulia mikanda mipya hazikuwepo. Mikanda ya zamani ilizungushwa mpaka ikachakaa, viti vikavunjika, feni zikasimama. Mahali palipokuwa na sinema ya magari Msasani leo pana Ubalozi wa Marekani.

Wakati majumba yanakufa, deki ziliingia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa watu wengi wa Bara televisheni ilianza kama chombo cha kuoneshea kanda, na mwenye deki alikuwa na sinema yake. Baadhi yao waligundua kuwa inalipa. Chumba kimoja, mabenchi, kitambaa cheusi dirishani, spika nje ya mlango, ubao wenye majina ya picha za leo yaliyoandikwa kwa chaki: kibanda kimezaliwa. Waswahili wa Dar es Salaam walikiita kibanda umiza, kwa sababu ya joto lake na mabenchi yake, na wakaendelea kwenda.

Wateja wa kibanda hawakuwa wale wa Royal. Palikuwa na watoto wa darasa la pili, wapiga debe waliomaliza zamu, mzee aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima na asiyeweza kukimbizana na maandishi. Picha za Hong Kong zilikuja na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, madogo, yanayopita upesi, mara nyingine yakikatwa na ukingo wa televisheni. Za Kihindi zilikuja bila maandishi kabisa. Jirani wa kunong'ona alitosha kwa watu watatu. Kwa watu 60 alihitajika mwenye maiki.

Ni nani aliyetangulia, ni ubishi ambao mashabiki wa kila nchi wanao jibu lake. Uganda vibanda vilienea sana baada ya vita kumalizika mwaka 1986, na jina lenyewe la kibanda likaingia kwenye Kiganda, wingi wake bibanda. Huko maviijei wakawa watu mashuhuri, na VJ Jingo akajulikana kuliko waigizaji wengi aliowatafsiri. Tanzania jina linalotajwa kwanza ni Derek Mukandala, Lufufu kwa mashabiki. Lufufu alikuwa na sauti nzito ya mtu mzima asiye na haraka, na aliitumia kama mzee wa kijiji anayesuluhisha kesi. Baada yake walikuja wengine wengi, DJ Mark akiwa miongoni mwa waliopendwa sana na vijana.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi wanaidhani ni rahisi. Mtafsiri ana deki au kompyuta, mikisa ndogo, maiki na hedifoni. Kwanza anaiangalia picha yote peke yake, ajue nani atakufa na nani msaliti, kwa sababu akimsifu mtu dakika ya kumi ambaye atamuuza stelingi dakika ya 80, watazamaji hawatamsamehe. Kisha anagawa majina. Jina la Kichina lisiloshikika linaachwa, na mtu anaitwa kwa sura yake au kwa tabia yake. Mkuu wa polisi wa Texas anakuwa afande. Dola zinageuka shilingi, mkate wa kwenye karatasi unageuka chapati, na bosi wa majambazi anakuwa tajiri.

Halafu unakuja mkono wa kushoto, ule wa kwenye mikisa. Mazungumzo yakianza sauti ya picha inashushwa, risasi zikianza inapandishwa, na kuchelewa nusu sekunde kunaharibu vyote viwili. Mtafsiri mzuri anajua pa kunyamaza. Ngumi nzuri haihitaji maelezo. Lakini mahali ambapo mwongozaji wa Marekani amemweka stelingi peke yake kwenye mvua, anatembea, vinanda vinalia, mtafsiri anaingia na kumpa mawazo: anamkumbuka kaka yake, yule aliyechomwa kisu mwanzoni, na ameapa kutolala mpaka damu ile ilipwe. Picha ikirudi nyuma miaka 20 bila taarifa, sauti inatoa taarifa. Mtoto aliyeingia kachelewa anaelezwa kwa sentensi moja kilichompita, na walioingia mapema hawachoki kukisikia tena.

Ndani ya picha ya Hong Kong, mtafsiri huyo anafanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Maneno yalianza kwa Kikantoni, yakawekwa kwenye Kiingereza na mtu aliyekuwa na haraka, na sasa yanafika kwenye Kiswahili kupitia mtu anayesoma na kusema kwa wakati mmoja. Kilichofika si maneno ya mwanzo. Ni maana, hasira, utani na kisasi, na hivyo vinafika vikiwa hai. Watu hucheka palepale pa kuchekewa. Mwenye shaka alinganishe na tafsiri nyingi za vitabu zilizofanywa kwa utulivu, kamusi mezani, ambazo hakuna aliyewahi kucheka akizisoma.

Mtafsiri pia anahukumu. Mke anayedanganya anaonywa hadharani kwa methali. Askari mla rushwa anasemwa kwa namna ambayo kila mtu kibandani anajua anayesemwa si yule wa Los Angeles. Kuna lawama ya haki hapa: baadhi yao huwasema vibaya mno wanawake wa kwenye picha, na kicheko kinachofuata kinawafikia wasichana wachache waliothubutu kuingia. Vibanda vilikuwa vya wanaume na wavulana kwa kiasi kikubwa, na lugha yao ilibeba hilo. Anayeipenda sanaa hii anapaswa kulikubali bila kulifunika.

Kenya sanaa hiyo ilipata lafudhi nyingine. DJ Afro, ambaye jina lake halisi ni James Muigai, anatumia Kiswahili cha Nairobi kinachoteleza na kuingia kwenye Sheng, na mwendo wake ni wa kasi, utani juu ya utani. Picha zake zilienea kwenye kumbi za video za mitaani, kwenye maduka ya filamu na kwenye mabasi ya safari ndefu, ambako abiria wasiojuana wamecheka pamoja kutoka Nairobi hadi Kisumu. Lufufu alikuwa msuluhishi. DJ Afro ni rafiki yako wa mtaani aliyeiona picha jana na hawezi kusubiri ufike kwenye kipande kile. Rwanda nako picha za namna hii, zinazoitwa agasobanuye, zilimfanya Nkusi Thomas, au Yanga, kuwa sauti ya kizazi kizima. Alipofariki mwaka 2022 alililiwa na watu ambao hawakuwahi kumwona sura.

Kazi kama hii imewahi kuwepo mbali sana na hapa. Japani, enzi za picha zisizo na sauti, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya kitambaa na kuigiza sauti zote, na majina yao yaliandikwa makubwa kuliko ya waigizaji. Picha zilipoanza kuzungumza miaka ya 1930 kazi yao iliporomoka. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume: hapa msimulizi alishamiri kwa sababu picha zilikuwa zikizungumza, tena kwa lugha za watu wengine.

Biashara ilifuata sanaa. Watafsiri walianza kurekodi kazi zao kwenye kanda, na kanda zikauzwa Kariakoo na kukodishwa kwenye maktaba za video hadi wilayani. Kisha zikaja CD, DVD na flashi. Hakuna studio ya Hollywood au Mumbai iliyolipwa. Watafsiri wenyewe nao waliibiwa: kazi iliyorekodiwa kwa usiku mzima ilichomwa kwenye CD na kuuzwa na mtu mwingine kabla wiki haijaisha. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999, na mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu, lakini kazi iliyojengwa juu ya kazi ya mtu mwingine bila ruhusa haina pa kwenda kulalamika.

Waliolalamika kwa sauti kubwa ni watengenezaji wa filamu za ndani. Bongo Movie ilikuwa imeinuka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Girlfriend ya mwaka 2003 ikifungua njia na Steven Kanumba akiwa nyota wake mkubwa hadi kifo chake Aprili 2012. Mwenye filamu alilipa waigizaji, kamera, magari na chakula. Kando ya DVD yake palikuwa na DVD ya picha ya mamilioni ya dola, imetafsiriwa kwa Kiswahili, kwa bei ndogo zaidi. Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Walikuwa na hoja. Ila ukweli mwingine nao una uzito wake: watafsiri ndio waliomzoesha mtu wa kawaida kulipia hadithi ya kwenye kioo inayosemwa kwa lugha yake, na mazoea hayo ndiyo Bongo Movie iliyoyakuta sokoni ilipofika.

Uganda walipata jibu lao wenyewe. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 picha ya mapigano ya gharama ndogo mno, Who Killed Captain Alex?, na viijei akawekwa ndani yake. VJ Emmie anasikika akishangilia, akitania na kuitangaza picha ileile anayoieleza. Watazamaji wa Ulaya na Marekani walioikuta mtandaoni waliiona sauti hiyo kama uvumbuzi wa ajabu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kibandani aliona jambo la kawaida kabisa: picha kamili ina mtu wa kuieleza.

Vituo vya televisheni vilichukua njia ya kistaarabu zaidi. Mwaka 2011 TBC ilianza kuonesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, kila mhusika na sauti yake. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. StarTimes ikaendesha mashindano ya kutafuta vipaji vya sauti, na Azam TV ikaleta tamthilia za Kituruki, Ertugrul miongoni mwake, zikizungumza Kiswahili safi. Kazi hiyo ni nzuri na imewapa ajira vijana wengi waigizaji, wasichana kwa wavulana. Lakini ina sharti moja: mtafsiri asionekane. Sauti ya kuingizwa inafanikiwa pale mtazamaji anaposahau kwamba ipo. Mtafsiri wa kibanda anafanikiwa pale unaposahau picha ni ya nani.

Leo kijana wa Tabora au Bungoma ana simu, na kwenye simu kuna watu wanaofupisha filamu ya saa mbili kwa dakika tatu za Kiswahili, na wengine wanaoitafsiri yote kwa mtindo wa zamani. Kibanda kimebaki zaidi kwa ajili ya mpira wa Ulaya. Mashabiki wanaokumbuka hubishana chini ya vipande vya picha za zamani ni sauti ya nani hiyo, mara nyingi bila kupata jibu, kwa kuwa kanda iliyobeba jina lake ilishatupwa.

Hilo ndilo la kusikitikia, na linaweza kushughulikiwa. Utepe wa VHS unaharibika kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili mwaka mzima. Kanda nyingi za tafsiri zilirekodiwa juu ya kanda nyingine, hazikuwa na nakala mama, na maktaba za kukodisha zilipofungwa ziliuzwa kwa kilo au kuchomwa moto na takataka. Vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili na sanaa za maonesho vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wenye maktaba hizo za zamani wengi bado wapo, Magomeni, Temeke, Eastleigh, na baadhi yao wana masanduku kwenye stoo na deki inayofanya kazi. Kinachohitajika ni waya wa kuunganisha deki na kompyuta, daftari la kuandika nani alitafsiri nini na mwaka gani, na mtu wa kwenda kubisha hodi kabla mvua za masika hazijaingia stoo.